Mikono ya Chokaa

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Kuna mtu alimpa gazeti la kukalia, maana benchi lile lilikuwa la saruji na asubuhi lilikuwa baridi. Inspekta aliliona lile gazeti, akamtazama askari wa zamu. Askari wa zamu akajifanya anatafuta funguo.

"Umekula?" Inspekta aliuliza.

"Nimekula, afande."

"Umekula nini?"

Fundi akalinyoosha gazeti alilokalia. Inspekta akamwashiria askari alete chai, akavuta kiti, akaketi polepole. Alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, mwenye magoti mabovu, na siku hizi kila kiti alikiona kiko mbali sana chini.

"Haya, tuanze upya. Ukuta wa sebuleni kwa Shangazi, plasta kapiga nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Vibarua walikoroga tu."

"Chokaa yote uliyopewa na Mfuko wa Majengo ya Kale ilikwenda ukutani?"

"Yote."

"Basi imekuwaje plasta ikaanguka yote kwa mkupuo, ikamvunja mzee wa watu mtulinga?"

"Sijui, afande."

"Jioni ulikuwa unakwenda kuulowesha ukuta, kama ulivyoagizwa?"

Hapo fundi akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikavu, imepasukapasuka kwenye viungo vya vidole, mithili ya kipande cha sabuni kilichosahaulika juani.

"Andika kwamba ukuta niliufanya mimi," akasema. "Mengine yaache."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa maelezo yake, kama jana na juzi. Chai ililetwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru askari kwa jina la "mwanangu".

Mkuu wa kituo hakuwa na muda wa kupoteza. "Nyumba mbovu, chokaa ya msaada, fundi njaa," alisema, akihesabu kwa vidole. "Kauza chokaa, kapaka vumbi. Mlalamikaji tunaye, majeruhi tunaye. Leo kabla ya jioni nataka jalada mezani kwangu, kesho asubuhi apelekwe mahakamani."

"Na kama hakuiuza?"

"Si angesema? Mtu msafi hunyamaza?"

Inspekta hakubishana. Alikwenda kaunta, akaomba vitu vya fundi. Walimtolea mwiko, kamba ya kupimia, kofia, na chupa ya chai ya bluu. Kwenye chupa palibandikwa utepe mweupe, ule wa kufungia vidonda, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu: Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Inspekta aliirudisha chupa mahali pake. Alifika mlangoni, akarudi, akausoma tena ule utepe.

*

Gari la kituo halikuwa na mafuta. Alikwenda kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani kwenye vizingiti vya maduka.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe, ya zamani kuliko mtu yeyote aliyekuwa akiishi mtaani pale. Mlangoni palibandikwa karatasi nyekundu ya manispaa: jengo hatari, lirekebishwe au livunjwe. Mfuko wa Majengo ya Kale ndio uliokuwa umezuia nyundo isipige. Ulitoa chokaa, ukamlipa fundi, ukaleta mshauri wake kuwafundisha wenye nyumba namna ya kuitunza. Sebule ilikuwa ya kwanza. Ikikaguliwa na kukubaliwa, ingefuata paa, na karatasi nyekundu ingebanduliwa.

Sasa sebule ilikuwa na rundo la plasta sakafuni, na ukuta mzima uko uchi, mawe yake yanaonekana kama meno.

"Karibu, afande," ilisema sauti kutoka kwenye kochi. "Ila usisimame hapo. Hapo ndipo nyumba inapopigia watu makofi."

Alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi, mwalimu wa zamani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitambaa cha maua. Mtu alikuwa amemwekea mito mitatu, na kengele ndogo ya baiskeli kwenye kiti cha karibu, ili akitaka kitu asisumbuke kupiga kelele.

"Pole, mwalimu. Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nasoma gazeti pale chini ya ukuta. Nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi. Kuinua uso, naona ukuta unanijia. Sikuwahi hata kufunga gazeti."

"Siku za kabla yake, uliona mtu akiuchezea?"

"Mimi mchana nalala, na nikilala hata ukinibeba na kochi langu siamki. Muulize aliyejaribu."

Karibu na rundo alikuwa amepiga magoti mwanamke mwenye miwani, nguo zake zimejaa vumbi jeupe. Huyo ndiye Mshauri wa Mfuko. Alikuwa na kichupa chenye dawa ya maji, akidondoshea matone kwenye vipande vya plasta alivyovivunja kati.

"Nimekuja kutafuta wizi," alisema bila kuinuka. "Chokaa ikiwa imeibwa, Mfuko unajitoa leo hii, na ile karatasi ya mlangoni inabaki na kazi yake. Sasa tazama, afande."

Alidondosha tone. Kipande kikageuka rangi ya waridi kali, kutoka ngozi hadi moyoni.

"Maana yake?"

"Ingekuwa vumbi tupu, isingegeuka. Ingekuwa chokaa iliyoshika, nayo isingegeuka. Hii ni chokaa nzuri, tena ya kutosha, ila haijashika. Iko vilevile kama siku ilipopakwa."

"Kwa hiyo hakuiba."

"Hakuiba hata ngumi moja."

Inspekta aliandika, kisha akaegemea meza. "Basi niambie kwa nini imeanguka. Polepole. Mimi kwangu ni bati na matofali."

"Saruji hukomaa kwa maji. Chokaa hukomaa kwa hewa. Unairushia maji kidogo isikauke kwa pupa, halafu unaiacha ipumue. Hii haikuachwa ipumue. Uso wake ulikauka kwa upepo wa mlangoni, ndani ikabaki uji, na maji yakaongeza uzito. Ilikuwa inangoja siku yake tu."

"Mtu mmoja akiulowesha jioni kama ulivyoagiza, yanaweza kutokea haya?"

"Hayawezi. Hapa pamemwagwa maji ya kufulia mashuka ya hospitali nzima."

"Na mtu mwenye nia mbaya?"

Mshauri alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, ikazidi kuchafuka. "Mtu mwenye nia mbaya angefanya hivi hivi. Na akithibitika ni wa humu ndani, msaada utakatika vilevile. Mfuko hauwezi kutengeneza nyumba ambayo wenyewe wanaibomoa."

Baba Mdogo alicheka, akashika bega kwa maumivu. "Humu ndani anayetaka nyumba ivunjwe ni mmoja, wala hajifichi. Mtoto wa marehemu kaka yetu. Kila mvua ikinyesha anasimama katikati ya ndoo za kukingia matone, anahubiri: bomoeni, tuuze kiwanja, tukapange pakavu! Tumemwita Bomoa mpaka jina lake tumelisahau."

"Ndiye mlalamikaji wangu."

"Ndiye huyo. Na ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali, akilia njia nzima na kunitukana kwa nini nilikaa pale."

Inspekta aliandika jambo la kwanza, na baada ya kufikiri kidogo, akaandika na la pili.

*

Shangazi alimpokea jikoni. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amejitanda kitenge, na kabla ya salamu kwisha alikuwa ameshaweka mkeka uliokunjwa kwenye kiti cha mbao.

"Kalia hapo, mwanangu. Nimekuona unavyoshuka ngazi ya mlangoni. Magoti hayo yanataka kitu laini."

"Asante, Shangazi. Nina maswali machache."

"Kunywa chai kwanza. Swali haliozi."

Alimimina. Kikombe alikishika kwa kipande cha kanga, na mikono yake ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya mgando mpaka kwenye viwiko.

"Fundi alikuwa anakuja jioni kuulowesha ukuta?"

"Alikuja kila jioni bila kukosa, mwenyewe, na ndoo yake."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nguo."

"Nguo gani, Shangazi?"

"Mwanangu, mtu wa chokaa anavaa nguo gani? Nyeupe, hata kama ni nyeusi." Akasogeza sahani ya mkate. "Mwacheni yule mtu. Hana ubaya na mtu. Siku ya kwanza kuingia humu alivua viatu, na nyumba yenyewe ina shimo sakafuni."

Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kilikuwa kimepangishwa kwa Mshonaji. Alikuwa kijana mrefu, ameinama juu ya cherehani, anashona gauni jeupe la bibi harusi. Vidole vyake vitano vya mkono wa kulia vilikuwa vimezungushiwa vitambaa, kila kimoja rangi yake.

"Umechomwa na sindano?"

"Kazi hizi, afande."

"Vidole vyote?"

"Mashine ina hasira."

"Fundi wa chokaa unamjua?"

"Namjua vizuri. Alikuja kila jioni bila kukosa, mwenyewe, na ndoo yake."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alimtazama Mshonaji kwa muda. Kijana akaanza kutafuta uzi ambao tayari ulikuwa kwenye sindano.

Ndoo ya fundi ilikuwa chini ya ngazi, pamoja na magunia yake na mbao za kusimamia. Magunia yalikuwa na unyevu bado. Ndoo ilikuwa kavu, na ndani yake buibui alikuwa ameshajenga, amehamia, na pengine alikuwa na wajukuu. Inspekta aliitazama kwa kuinama nusu, kwa sababu nusu nyingine magoti yalikataa. Kisha akatoka uani, akaketi juu ya karo la kufulia, akapiga simu hospitali ya wilaya, akaomba wodi ya wanawake.

"Kitanda cha dirishani?" alisema muuguzi. "Mama yule wa figo. Ndiyo, mumewe namjua, bwana wa chupa ya chai. Anaingia saa ya kutazama wagonjwa jioni, hatoki mpaka tumfukuze. Anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anampigia hadithi. Jana na juzi hajaonekana. Mgonjwa anamuulizia kila mlango ukilia. Tumwambie nini?"

Inspekta alifunga macho kidogo. Jua la uani lilikuwa kali.

"Msimwambie kitu," akasema. "Nitakuja mwenyewe."

Kwa hiyo kila jioni fundi alikuwa wodini. Watu wawili wa nyumba hii walikuwa wamemwambia Inspekta uongo mmoja, wameupima na kuukata kwa kipimo kimoja. Na ukuta ulikuwa umenyweshwa.

Pale pale alipoketi aliona, pembeni ya bomba, kopo la kumwagilia maua. Uani hapakuwa na ua hata moja, wala chungu cha ua. Alilivuta kwa ncha ya kiatu. Chini ya mdomo wa kopo palikuwa na ukoko mweupe. Aliukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akalibeba kopo.

Aliporudi kwa Mshonaji hakuuliza kitu. Aliinua tu kitambaa kilichoning'inia chini ya meza ya cherehani. Palikuwa na chupa kubwa ya plastiki, mfuniko wake umetobolewa matundu kwa sindano, na ubavuni imerukiwa na madoa meupe.

"Fungua vidole," alisema.

"Afande..."

"Nimesema fungua."

Kijana alifungua kitambaa kimoja kimoja, akitazama gauni jeupe lisiguswe. Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, vikavu, vyenye kingo nyeupe. Inspekta alikuwa ameviona asubuhi, mahabusu, kwenye mkono mwingine.

*

Bomoa alikuja mchana, kutoka ofisini kwake, na tai shingoni. Alikuta watu wamekusanyika sebuleni: Shangazi amesimama, Mshonaji ameegemea mlango, Mshauri kwenye ngazi, Baba Mdogo kwenye mito yake. Mezani palikuwa na kopo la maua na chupa yenye matundu.

"Ameshakiri?" alisema Bomoa.

"Kaa chini," alisema Inspekta.

"Nitasimama."

"Basi simama, lakini toa mikono mifukoni."

Bomoa hakuitoa. "Afande, mimi ndiye niliyeleta malalamiko. Mzee huyu angekufa. Yule fundi amepaka uchafu, akaenda zake, hakugusa tena ukuta! Ninajua!"

"Unajuaje kwamba hakuugusa?"

"Ninajua tu."

"Hawa wawili wanasema alikuja kila jioni bila kukosa."

"Wanadanganya."

"Kweli wanadanganya," alisema Inspekta. "Wewe umelijuaje hilo? Jioni unarudi saa ngapi?"

"Usiku. Lakini mchana napita kula. Nilikuwa naukuta mkavu, umepauka kama..." Akasita.

"Halafu ukiukuta mkavu?"

Nje gari lilipita, na vumbi kidogo likamwagika kutoka darini.

"Toa mikono, mwanangu," alisema Shangazi kwa upole.

Akaitoa. Ilikuwa mikono ya karani, laini ya viganja, lakini migongo yake imepasuka kuliko ya wote, na kidole kimoja kimefungwa plasta ya dawa.

Baba Mdogo alikaa kitako bila kutumia kengele. "Bomoa! Wewe?"

"Nilinunua pampu," alisema Bomoa, sauti imeshuka. "Ile ndogo ya kupulizia dawa ya mbu. Iko chumbani, nyuma ya kabati. Mchana Baba Mdogo akilala nilikuwa naupulizia, naujaza kweli kweli, halafu narudi kazini. Mshauri alisema siku ile ya mafunzo, ukuta wa chokaa ukikauka unakufa. Nikaona fundi hajali."

"Lakini si wewe unayetaka ivunjwe?" aliuliza Mshonaji.

"Nani asingetaka? Tangu nikiwa mdogo kazi yangu ni kuamka mvua ikinyesha na kuhamisha vitanda. Nimechoka. Nimechoka na hii nyumba mpaka kwenye mifupa." Alitazama mawe yaliyokuwa uchi. "Halafu nikaja siku moja, nikaukuta ukuta mweupe. Umenyooka. Chumba alichofia baba. Nikasema labda itasimama. Nikaona aibu kusema, baada ya kelele zangu zote. Na bado ukaanguka! Nimefanya kazi ya yule mtu mpaka mikono imeniharibika, na bado ukaanguka juu ya mzee. Ningefikiri nini? Nilisema chokaa imeibwa."

Inspekta alisogeza kopo la maua katikati ya meza. "La nani?"

"Langu," alisema Shangazi. "Niliona fundi haji jioni, na mkewe nilisikia ni mgonjwa. Sharti la Mfuko lilikuwa auloweshe mwenyewe kila jioni mpaka ushike. Nikasema nikimsemea, atafukuzwa. Nikamfanyia. Magharibi, taratibu, makopo mawili matatu."

"Na chupa?"

"Yangu," alisema Mshonaji. "Nikifunga kazi. Niliuona umepauka, nikajua fundi amebanwa. Alinitengenezea dirisha bure, afande. Nilipokutana na Shangazi koridoni na kopo lake, alisema anamwagilia maua."

"Nawe ulisema chupa ni ya kupigia pasi," alisema Shangazi.

"Lakini siku ya ajali mlipatana cha kuniambia," alisema Inspekta.

"Tulipatana kuhusu fundi tu," alisema Shangazi. "Maji hakuna aliyeyataja."

Baba Mdogo aliwatazama mmoja mmoja.

"Kumbe mimi nimeangukiwa na huruma," akasema. "Na huruma ni nzito, jamani. Tazama bega."

Mshonaji alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Shangazi alicheka huku machozi yanamtoka, akiyafuta kwa mgongo wa mkono, na mafuta yakamwingia machoni, ikabidi Bomoa amwoshe uso kwa maji ya kikombe.

"Polepole na maji wewe!" alisema Baba Mdogo. "Tusije tukampoteza na yeye."

Mshauri hakucheka. Alikuwa amevua miwani tena. "Niliwaambia wote," alisema. "Kila niliyemkuta koridoni nilimwambia, usiuache ukauke. Sikumwambia mtu yeyote kwamba maji yakizidi ni kosa. Sikufikiri kwamba ungekuwa na watu wanne."

"Watatu," alisema Inspekta.

"Magunia yale chini ya ngazi yana unyevu, afande. Kuna mtu alikuwa anayatandika ukutani alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Hayo ni magunia ya fundi."

Inspekta aliandika. Kisha akauliza swali aliloliogopa tangu asubuhi. "Msaada unakatika?"

"Sharti lina mlango," alisema Mshauri. "Fundi akipata dharura, anateuliwa mtu mwingine wa kuulinda ukuta, mradi tujulishwe. Mngeniambia tu. Nitaandika kwamba chokaa ipo yote, mafunzo yangu yalipungua, na ukuta urudiwe. Mkubwa wangu atanung'unika. Ameshazoea kuninung'unikia." Akamgeukia Bomoa. "Lakini safari hii aloweshe mtu mmoja. Mmoja! Wengine mkae na mikono mifukoni. Nani?"

Watu wa nyumba wakatazamana. Shangazi akaenda chumbani, nyuma ya kabati, akarudi na pampu ndogo ya mbu. Akamwekea Bomoa mkononi.

"Kwanza twende kituoni," Inspekta alimwambia Bomoa. "Una malalamiko ya kufuta."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho, shavu kwenye kiganja.

"Kwa hiyo kosa ni nini hapa?"

"Hakuna, mkuu."

"Mtu kavunjika mtulinga na hakuna kosa?"

"Majeruhi anasema hataki kesi. Anasema akimshitaki mmoja itabidi awashitaki wote, na nani atamletea chai."

Mkuu alipumua kwa pua, akapiga mhuri. Askari wa zamu alikwenda na funguo kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Fundi alitoka akiwa amelikunja lile gazeti vizuri, akamrudishia askari. Alimkuta Bomoa kaunta. Walitazamana. Bomoa akanyoosha mikono yake mbele, migongo juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

Fundi aliitazama. Alielewa bila kuelezwa.

"Pakaa siki kidogo kabla ya mafuta," akasema. "Inaondoa chokaa. Mafuta matupu hayafiki."

"Kwa nini hukusema ulikuwa hospitali?" aliuliza Inspekta.

"Ningesema, ingejulikana nimevunja sharti, na bibi wa watu angepoteza nyumba. Alfajiri nilijitahidi. Nilifikiri inatosha." Akachukua chupa yake ya chai, akaitikisa. Ilikuwa tupu. "Saa ya kutazama wagonjwa bado?"

"Ukienda kwa miguu, hutaiwahi."

Bomoa ndiye aliyekimbia nje kutafuta teksi, akalipa kabla hawajapanda, akakataa kupanda yeye. Chupa ya chai ilijazwa na mke wa askari wa zamu, aliyekuwa akiuza maandazi na chai pale getini.

*

Wodi ilikuwa ndefu, na kitanda cha dirishani kilikuwa cha mwisho. Inspekta alitembea nyuma ya fundi, akijishika kwenye vyuma vya vitanda. Alikuwa hana kazi pale. Alikuwa amemwahidi muuguzi, basi.

Mwanamke aliyelala dirishani alikuwa amekonda, macho makubwa. Alimwona mumewe. Alinyoosha mkono tu. Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akampa wake. Mwanamke akaushika, akapitisha kidole gumba juu ya viungo, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma. Kisha akaanza tena mwanzo.

"Nyufa zimeanza kufunga," akasema. "Hujashika chokaa, baba watoto. Ulikuwa wapi?"

Fundi alitazama dirisha. Inspekta alikuwa ameona watu wengi wakitafuta uongo, na alijua kwamba huyu hakuwa nao.

Siku nzima alikuwa amepambana na uongo wa watu wema. Uongo wa jikoni, uongo wa cherehani. Ulimtoa jasho, ukamchosha magoti, na ulikaribia kumpeleka mtu mahakamani. Alisogea mbele, akashika chuma cha kitanda.

"Alikuwa kwetu, mama," akasema. "Kituoni pana ukuta unatusumbua. Tulimshikilia atusaidie."

Mwanamke alimgeukia, akamwangalia kuanzia viatu mpaka usoni. Kisha akauachia mkono wa mumewe polepole, akapapasa kando yake, akasukuma kiti kwa vidole mpaka kikagusa magoti ya Inspekta.

"Kaa, dada," akasema. "Umechoka."

Inspekta akakaa.